Kinasa metali au kiondoa metali?

SWALI: Natengeneza losheni na krimu na kuziuza mwenyewe. Kwenye karatasi ya maelezo nimeandika kwamba EDTA, kemikali ninayoitia humo, ni "dawa ya kuua madini". Mteja wangu mmoja, mwalimu, amenikosoa na kunitaka niandike "kiondoa metali". Nifuate lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu yuko sahihi kwenye "metali", lakini "kiondoa" kitampotosha mnunuzi wako. Andika "kinasa metali".

Nianze na kitenzi, maana hapo ndipo penye uzito. Maji unayochanganyia, na hata utomvu wa mshubiri, huweza kuja na chembe za chuma na shaba. Ni kidogo mno, lakini zatosha kuharakisha mafuta kuchacha, kuigeuza vitamini C kuwa ya kahawia na kuharibu harufu ya losheni. Ukitia EDTA, mara nyingi gramu 1 hivi kwa losheni ya kilo 1, molekuli yake moja huibana ioni moja ya metali kutoka pande sita, isipate tena nafasi ya kuchochea uharibifu. Metali yenyewe haijatoka. Imo chupani vilevile, ila imeshikwa. Ukiandika "imeondolewa", mtu ataelewa kwamba maji yalichujwa, na hilo si kweli.

"Kunasa" ni kushika kitu kisichomoke, kama ulimbo unavyonasa ndege. Muundo wake nao tunao siku nyingi: kinasa sauti, kipaza sauti, kipima joto. Katika wingi hubadilika neno la kwanza tu, yaani vinasa metali, na upatanisho hulifuata hilohilo: "kinasa metali hiki kinafaa", "vinasa metali hivi vinafaa".

Wanakemia wa Uingereza waliolibuni jina la Kiingereza la kundi hili, "chelate", mwaka 1920 walilichukua kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Natamani tungepata istilahi itokanayo na gando, kwa kuwa picha yake inaeleweka vizuri pwani, lakini kwenye maelezo ya losheni ingehitaji ufafanuzi mrefu. Kinasa metali kinajieleza.

Sasa "madini". Neno hili ni pana mno. Pakiti ya chumvi huandikwa "ina madini joto", yaani iodini, na iodini si metali. EDTA hainasi iodini. Mtu mwingine akisoma madini atafikiria dhahabu ya Geita au tanzanaiti ya Mererani. Kama utalitumia neno hilo kwingine, sema "madini haya", si "madini hii". Metali ndiyo iliyo katika ngeli ya I/ZI: metali hii, metali hizi.

"Kuua" hukukosea sana kama unavyodhani. Kiswahili husema kuua makali, na "huua makali ya metali" ingekuwa sentensi nzuri kabisa, kwa sababu nguvu ya kuchochea ndiyo inayokufa. "Dawa" nayo ina uwanja mpana, kwani tuna dawa ya mbu na dawa ya viatu. Lakini kwenye kipodozi iache: mnunuzi mwenye chunusi atadhani inatibu.

Usije pia ukaiita EDTA "kihifadhi". Huvisaidia vihifadhi kwa kuvuta kalsiamu na magnesi kwenye utando wa nje wa baadhi ya bakteria, lakini peke yake haitoshi kuilinda losheni yako.

Unaweza kuchapa hivi: "Ina EDTA, kinasa metali kinachosaidia losheni isibadilike rangi wala harufu." Kwenye orodha ya viambato, acha jina la kimataifa kama lilivyo.