Nusu ya Doti: Mwalimu Anawajibu Wasomaji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa cherehani, nina kibanda hapa Umoja, nashona sare za shule. Nina rafiki tangu darasa la nne. Waume zetu waliongeza wake mwaka mmoja. Yeye aliondoka, akaenda Doha kufanya kazi za nyumbani. Binti yake yuko shule ya bweni, na likizo hukaa kwa nyanyake. Mimi nilibaki na mume wangu. Mwezi uliopita tulipokuwa tukizungumza nilimtajia tu kwamba namlipa jirani kunipigia ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke. Siku ya tatu akanitumia shilingi 48,000 ninunue mashine yangu. Sijazigusa. Dadangu wa toka nitoke anasema hakuna mwanamke anayempa mwenzake bure, kwamba kesho nitatangazwa, au nitashawishiwa nimwache mume kama alivyofanya yeye. Na kweli, vitabu tulivyosoma shuleni, wanawake ni kusengenyana na kunyang'anyana wanaume tu. Je, kuna udada usio wa damu? Nirudishe pesa? – Fundi, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nunua ovaloki. Nimetanguliza jibu kwa sababu pesa zikikaa kwenye simu wiki mbili huanza kutafutiwa kazi nyingine, na pia kwa sababu barua yako imenikosesha usingizi.

Nilishtuka nilipoisoma, maana mambo yako yamo kitabuni. Mariama Bâ wa Senegali aliyaandika kwa Kifaransa mwaka 1979, na kwa Kiswahili kitabu kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye amefiwa na mumewe, anakaa eda, na humo edani anamwandikia shoga yake wa utotoni, Aissatou. Wote wawili waliletewa wake wenza. Aissatou aliondoka na wanawe wanne, akarudi masomoni, akawa mkalimani, akaishia Marekani katika ubalozi wa nchi yake. Ramatoulaye alibaki na watoto kumi na wawili, akihangaika na mabasi. Habari za mabasi hayo zilipomfikia Aissatou, wauza magari walimwita Ramatoulaye aende achague gari. Bei yote ilikuwa imeshalipwa.

Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi walipenda sana mahali hapo, nami niliwaambia wasifunge kitabu bado. Gari limekuja na mama huyu hajui kuendesha. Anaogopa usukani. Anajifunza na hofu yake hivyo hivyo mpaka anapata leseni. Hakulifunika turubai akawa analitazama kama deni. Tena angalia hili: aliyeondoka hamdharau aliyebaki, wala aliyebaki hamhukumu aliyeondoka. Dadako anaogopa kwamba mashine itakuja na masharti ya ndoa. Rafiki yako amekujua tangu darasa la nne. Angetaka kukutoa kwa mumeo angekutumia nauli.

Hilo la vitabu vya shule sikukatalii lote. Penina Muhando alituandikia tamthilia ya Nguzo Mama mwaka 1982, na humo wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo yao, lakini ugomvi na mambo ya kila mmoja vinawatawanya, nguzo inabaki chini. Inauma kuisoma. Lakini mimi siisomi kama tusi kwa wanawake. Naisoma kama mtu aliyetupenda akakasirika. Na kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa ameugua muda mrefu, alimwita bintiye akae mbele yake na wino na karatasi. Mengi aliyomuusia yanahusu kumtii mume, na darasani tulibishana nayo hadi kengele inalia. Hata hivyo ule ni utendi wa mwanamke akisema na mwanamke, na mwishoni anawaita wanawake wote wausome. Shule ilikuonyesha kipande kimoja tu cha ghala.

Unauliza kama kuna udada usio wa damu. Mwaka 1992 nilipita Uhuru Park nikawaona kina mama wa wafungwa wa kisiasa wamekaa chini wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga, na baadhi ya wazee wale wakavua nguo mbele yao, ambayo kwetu ni laana. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints wakakaa humo miezi na miezi, hadi wengi wa vijana wale walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993. Kilichowaleta pamoja pale hakikuwa tumbo moja.

Lakini lililonifanya nikuambie ununue mashine ni jambo langu mwenyewe, na sijawahi kuliandika.

Mwaka 1987 nilizaa mtoto wa kwanza, akaishi siku tatu. Nilirudi nyumbani Makadara mikono mitupu na maziwa yamejaa. Watu walikuja, wakasema pole, wakaenda. Jioni akaja mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Lamu, tuliyekuwa tukifundisha naye shule moja. Alikuwa na doti ya leso haijakatwa. Hakusema pole. Aliketi sakafuni, akaomba wembe, akaitandaza leso kwenye mapaja, akaikata katikati taratibu akifuata ule mstari mtupu kati ya pindo na pindo. Kisha akaanza kupinda kwa mkono. Leso ilikuwa nyekundu na uzi uliokuwamo nyumbani ulikuwa wa buluu, basi akapinda kwa buluu, mishono midogo midogo, mate kidogo kwenye ncha ya uzi kila ukikataa tundu la sindano. Alipomaliza kipande kimoja akaniinua, akanifunga tumbo nacho, akakaza, kama anavyofungwa mzazi yeyote. Nilikuwa mzazi. Hakuna mwingine aliyekuwa amenikumbusha. Kipande cha pili akajitanda yeye akaenda zake kupanda basi. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, hadi arubaini ikaisha.

Unajua nilimlipaje? Nilimkimbia. Karibu miaka miwili nilikuwa nikimwona kwenye ukumbi wa walimu najifanya nasahihisha madaftari. Nilihesabu jioni zile zote nikaona sitazilipa maisha yangu, na kila nikimtazama nilijiona mdaiwa. Yeye ndiye aliyeuvunja ukuta ule. Siku moja alinikuta kwa lango, amemshika mwanawe mkono na mkoba wa nguo, akasema, “Mama yangu mgonjwa, naenda Lamu. Huyu utakaa naye.” Hakuuliza kama naweza. Mtoto akakaa kwangu muhula mzima, akala ugali wangu, akalia homa usiku kitandani kwangu. Mama yake aliporudi nikaweza kumtazama usoni.

Kwa hiyo usiirudishe pesa. Mpigie simu, usimwandikie, umuulize waziwazi: hii ni zawadi au ni mkopo? Akisema mkopo si aibu, mpangiane mtakavyolipana. Akisema zawadi, sema ahsante mara moja, uishie hapo, usiirudie rudie hadi akachoka. Ukishaileta mashine, mpelekee picha ya upindo wa kwanza, kwa karibu, aone uzi. Halafu kuna yule binti wa bweni. Likizo ijayo mchukue japo wiki moja, mpime mabega, umshonee sare kwa mikono yako. Rafiki yako yuko mbali, na huenda hakuna kitu kinachomlaza macho wazi kama nani anamtazama mtoto wake. Usingoje akuombe, na akikuomba usijione unalipa.

Dadako msimamie kwa upole. Inawezekana ana uchungu tu kwamba aliyekupa si yeye. Mwite siku ya kuifunga ile mashine, akushikie kitambaa.

SWALI: Mwalimu, nimehamia Nairobi kutoka Mombasa. Nilimwita mwenzangu wa kazini “shoga” mbele ya watu, wakacheka, naye akanuna siku nzima. Nimekosa wapi? – Mgeni, South B

JIBU: Hujakosa. Pwani wanawake wameitana shoga miaka na mikaka, maana yake rafiki wa ndani, wa kike kwa wa kike. Huku bara wengi wanalijua neno hilo kwa maana nyingine, na mara nyingi hulitupa kama tusi, ndiyo maana walicheka. Inanisikitisha, kwa sababu hatuna neno jingine linalolingana nalo. Ndugu haibagui mume na mke, dada inabeba umri na damu, na somo, ambalo pia ni rafiki wa karibu, watu wengi hapa watadhani ni kipindi cha darasani. Yule wangu wa Lamu, tukipigiana simu, hadi leo hulianza jina langu kwa neno hilo.

Mweleze mwenzako ulichokusudia. Mweleze jioni mkiwa wawili, si kwenye meza ileile mliyochekewa.