Kambi ya darasa jijini: panga njia kabla ya kupanga vivutio

Mwalimu anayekabidhiwa jukumu la kulipeleka darasa la shule ya msingi kambini jijini kwa siku mbili tatu huanza, karibu kila mara, kwa kuorodhesha mahali pa kutembelea: makumbusho, bustani ya wanyama, bunge, bandari, uwanja wa ndege. Nimeshiriki vikao vya aina hiyo kwa miaka mingi, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba orodha hiyo iwekwe kando kwanza. Makumbusho yana mlinzi mlangoni na mtu wa kuwaongoza wageni. Ni vigumu mtoto kupotea humo, na gari haliwezi kumgonga. Matatizo ya kambi ya jijini hutokea njiani na usiku: kwenye kivuko cha barabara, kwenye mlango wa treni unaojifunga wenyewe, kwenye foleni ya choo, na bwenini baada ya taa kuzimwa. Panga hayo kwanza, kisha utazame muda uliobaki unatosha vivutio vingapi.

Kwa kawaida unatosha viwili kwa siku, kimoja asubuhi wakati akili zingali changa na kingine, chepesi zaidi, baada ya chakula cha mchana. Wapo wazazi watakaouliza kwa nini wametoa mchango mkubwa ili watoto waone mambo machache, na inafaa wajibiwe mapema, kwenye kikao cha wazazi, kwamba mtoto anayeburutwa kuona vivutio vitano hurudi nyumbani akikumbuka miguu iliyomuuma.

Njia yenyewe haina budi kupitiwa na mwalimu kabla ya safari, kwa miguu, na ikiwezekana saa ileile na siku ileile ya juma ambayo watoto watapita, kwa sababu mtaa ulio mtulivu Jumapili asubuhi unaweza kuwa msongamano mtupu Jumatatu jioni. Unapoipitia, tazama yale ambayo ramani haikuambii: mahali ambapo watoto thelathini wanaweza kusimama bila kuziba njia, choo kilicho wazi na kinachotumika, sehemu ambayo njia ya waenda kwa miguu inakatika ghafla. Hesabu pia taa ya kijani ya kivuko inawaka kwa sekunde ngapi. Mara nyingi haitoshi darasa zima kuvuka, kwa hiyo mpaka wa kukata msururu uamuliwe kabla ya kufika barabarani, huku kila kipande kikiwa na mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Kundi lililokatika katikati ya barabara bila mpango huleta hatari mbaya kuliko zote, kwa kuwa mtoto aliyeachwa nyuma hukimbia kuwafuata wenzake.

Wala tusidhani kwamba mtoto aliyefundishwa kutazama kulia na kushoto ameshajua kuvuka. Utafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi huenda wasitambue kwa uhakika kuwa gari linawakaribia iwapo linakwenda kwa kasi inayozidi takriban kilomita 32 kwa saa. Mtoto anaweza kuliona gari na bado asijue kuwa linakuja upesi. Kwa hiyo uamuzi wa kuvuka ni wa mtu mzima peke yake.

Sasa kuhesabu. Walimu wengi huwapa watoto namba, na kila mmoja huitamka yake kwa zamu. Mtindo huo unapendeza na huwachangamsha watoto, lakini una tundu: namba 14 akiwa bado chooni, rafiki yake atamwitikia kwa nia njema kabisa, asije akakemewa kwa kuchelewa. Mimi hupendelea makundi madogo ya watoto sita, kila kundi na mtu wake mzima asiyebadilika tangu kuondoka hadi kurudi, na mtu huyo huwahesabu kwa kumgusa kila mmoja begani kabla ya kutoka mahali na tena baada ya kuingia kwingine. Akiwa na watoto sita, pengo hulijua kabla hata hajafika mwisho wa hesabu. Kila mtoto avae mkononi utepe wenye jina la shule na namba ya simu ya kiongozi wa msafara, ila jina lake lisionekane, kwa maana mgeni anayemwita mtoto kwa jina hupata imani yake upesi mno.

Kuhusu treni, fanyeni mazoezi darasani kwa viti na madawati. Watoto hulichukulia kama mchezo, na kweli ni mchezo, lakini ndani yake wanajifunza kanuni mbili zisizo na mjadala: aliyeachwa kwenye jukwaa abaki palepale aliposimama, na aliyebebwa na treni peke yake ashuke kituo kinachofuata na asubiri hapohapo. Ngazi za umeme nazo zinahitaji maandalizi. Mtoto ambaye hajawahi kuzipanda husita hasa kwenye ile hatua ya kwanza, mguu mmoja ukiwa hewani, na walio nyuma yake wakiendelea kusogezwa humsukuma bila kutaka. Kagueni kamba za viatu, mshikilieni mwenye hofu, na ajulikane mapema nani atatumia ngazi za kawaida bila kuchekwa.

Dawa nazo zina kanuni moja: ziende alipo mtoto. Kipulizio cha mwenye pumu kilichobaki kwenye begi ndani ya basi, wakati mtoto yuko ghorofa ya tatu ya makumbusho, hakina faida yoyote. Wanaotapika safarini wakae viti vya mbele na watazame mbali nje, kwani kichefuchefu hicho hutokana na macho kuona kitu kimoja huku sikio la ndani likihisi kingine. Vitabu na simu huzidisha.

Usiku ndio mrefu. Watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na jiji lenye taa na honi haliwasaidii. Jambo la kwanza mnapofika malazini, kabla mabegi hayajafunguliwa, ni kuitembea njia ya dharura pamoja nao hadi nje. Mzazi aulizwe mapema, faraghani, kama mtoto wake hukojoa kitandani. Kwa watoto wa miaka saba jambo hilo ni la kawaida kuliko wazazi wanavyokiri. Akiamshwa kwenda chooni kabla ya walimu kulala, na shuka za akiba zikiwepo, hakuna mwenzake atakayejua. Anayelilia nyumbani asikimbiliwe na simu, kwa kuwa sauti ya mama saa nne usiku mara nyingi huongeza machozi. Mkalishe mahali penye mwanga, msikilize, kisha mpe kazi ya kesho, kwa mfano kuwa msaidizi wa kubeba sanduku la huduma ya kwanza.

Kuhusu masomo, ningependa walimu wapunguze makaratasi ya kujaza. Mtoto anayejaza majibu hutazama karatasi badala ya kutazama jiji. Swali moja kwa siku linatosha, mradi liwe zuri. Nakumbuka msichana mmoja aliyefungua bomba katika jengo refu tulimolala, akanyamaza kidogo, kisha akauliza maji yamepandaje mpaka huku juu. Tulimwomba fundi wa jengo atuonyeshe pampu na matangi, na nusu saa ile, ambayo haikuwamo kwenye ratiba yoyote, iliwafundisha zaidi ya mabango yote waliyosoma asubuhi yake.

Siku ya kurudi uchovu huwafanya watu wazima walegeze kamba, hasa basi linapoingia langoni na wazazi wakaanza kusogea. Watoto wasishuke kwa fujo. Kila mmoja aitwe, akabidhiwe kwa mlezi aliyeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na mlezi huyo aambiwe dawa zilizotolewa na saa zilipotolewa. Anayekuja kuchukua mtoto wa jirani bila jina lake kuwa kwenye fomu asubiri hadi mzazi apigiwe simu, hata kama anafahamika na kila mtu pale.