Televisheni ya sahani: shughulikia sahani, bodi itangoja

Wewe unayeanza kuunda televisheni ya kimakanika, ile inayochora picha kwa sahani yenye matundu inayozungushwa na mota, iache bodi ya saketi kwanza. Najua una hamu ya kulehemu, na seti ya vipuri huja na bodi iliyochapwa vizuri, kila rezista na mahali pake. Ndiyo maana haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni sahani, na baada yake mota.

Wazo lenyewe ni la Paul Nipkow, Mjerumani, mwaka 1884. John Logie Baird akalionyesha likifanya kazi London mwaka 1926. Matundu ya sahani hujipanga kwa mzunguko unaoingia ndani kidogo kidogo, na kila tundu linapopita mbele ya taa huchora mstari mmoja wa picha, uliosimama wima. Kiwango wanachokifuata mafundi wa kujifurahisha siku hizi ni mistari 32 na picha 12.5 kwa sekunde, yaani sahani izunguke mara 750 kwa dakika.

Usitumie CD, hata kama zimejaa nyumbani. Piga hesabu: tundu la nje likiwa milimita 57 kutoka katikati, picha itakuwa na urefu wa milimita 11 tu, na upana wa kila tundu haufiki robo ya milimita. Keekee gani itatoboa tundu dogo hivyo? Santuri ya inchi 12 ni afadhali mara kumi. Weka tundu la kwanza milimita 140 kutoka katikati. Mzingo hapo ni kama milimita 880. Gawa kwa matundu 32, unapata urefu wa picha wa milimita 27.5. Upana ni theluthi mbili ya urefu, takriban milimita 18, kwa hiyo kila tundu liingie ndani milimita 0.57 kuliko lililotangulia. Ncha ya keekee ya milimita 0.6, ile ya kutobolea bodi, inatosha. Bandika karatasi yenye vipimo juu ya santuri, na udonoe kila alama kwa sindano kabla ya kutoboa, la sivyo ncha itateleza kwenye mifereji. Tundu likiingia ndani kupita kiasi utaona mstari mweusi kwenye picha. Yakipandana, mstari mweupe.

Waulize mafundi wa redio hapa Mombasa, kuanzia Makupa hadi Mwembe Tayari, kama wana santuri iliyokwaruzika. Ya taarab iliyo nzima usiiguse, wapo wanaozitafuta.

Mota itoe kwenye printa mbovu, lakini iwe ya brashi; ile ya hatua-hatua (stepper) huitetemesha sahani. Mota nyingi za deki ya kaseti zina kidhibiti cha mwendo ndani, nacho kitashindana na kile cha bodi yako. Unganisha kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya mota, vinginevyo cheche za brashi zitajaza picha vitone.

Kupima mwendo hakuhitaji kifaa cha kununua. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo taa ya tyubu ya zamani yenye choki (koili ya kudhibiti umeme wake) humeta mara 100 kwa sekunde. Chora mistari minane myeupe iliyoachana sawasawa kwenye sahani, uizungushe chini ya tyubu hiyo. Ikifika mizunguko 750, mistari husimama tuli mbele ya macho yako. Ukihesabu kumi na sita, uko nusu ya mwendo.

Ukitaka televisheni yako iwe ya kubeba, betri ya volti 12 iliyotoka kwenye UPS (kifaa cha umeme wa akiba wa kompyuta) itafaa, ijapokuwa ni nzito. Chomoa sahani kwenye mhimili kabla ya kupanda matatu. Na usiiache ndani ya gari juani ukisubiri feri Likoni: santuri hupinda kwa joto, na sahani iliyopinda ni vigumu kuinyoosha.

Picha unaweza kuzicheza kutoka kwenye simu kupitia tundu la spika za masikio, maana mawimbi ya picha hizo yanaenea ndani ya masafa ya sauti. Faili iwe ya WAV. MP3 huivuruga picha. Bluetooth sahau, na uzime kila kinachokoleza besi.

Uso ukitokea kichwa chini, badilishana nyaya mbili za mota. Herufi zikisomeka kinyume kama kwenye kioo, geuza sahani upande wa pili. Uso ukiwa mweusi na nywele nyeupe, kasoro iko kwenye mawimbi: geuza polariti kwenye bodi.