"Mama, sijafa, lala"

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mwanangu wa pili ana miaka sita na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuligundua akiwa na miezi minane, vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba akawa halali kwa kulia. Mwaka jana alilazwa mara mbili, na mara ya pili akaongezewa damu. Tangu hapo sina usingizi. Kila usiku naamka mara tatu au nne, namulika kwa tochi ya simu nione kama kifua kinapanda na kushuka. Januari alitakiwa kuanza darasa la kwanza, sikumpeleka. Mume wangu ni dereva wa lori, akirudi safari tunagombana kwa ajili hiyo. Jirani ameniambia watoto wa namna hii hawafiki miaka ishirini. Wiki iliyopita nilipommulika, mtoto alisema huku macho yamefumbwa: "Mama, sijafa, lala." Nililia hadi alfajiri. Nifanye nini ili niwe na uhakika kwamba mwanangu hatakufa?

Mama Asiyelala, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye maneno ya huyo mtoto. Swali lako nalijibu kwanza, maana ukiendelea kulingojea jibu lake hutasikia mengine yote: uhakika huo haupatikani. Mimi sina, daktari wake hana, na hata mama wa nyumba ya pili ambaye watoto wake hawajawahi kulazwa hana, ila yeye hajalazimika kulifikiria. Unachoweza kupata ni kujua utafanya nini ukiona dalili fulani, na kuuacha usiku upite ikiwa dalili hiyo haipo. Najua hicho ni kidogo kuliko ulichoomba.

Tumalize kwanza habari ya jirani. Alichosema hakukitoa hewani, kwa kuwa zamani watoto wengi wenye selimundu walifariki hata kabla ya miaka mitano, na hadi leo wapo wanaofariki, hasa pale ambapo ugonjwa haukutambuliwa mapema. Wa kwako alitambuliwa akiwa na miezi minane, na mitano ameshaivuka. Inakadiriwa kwamba Tanzania pekee huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na wapo watu wazima wanaoishi nao, wanaofanya kazi, walioolewa na waliozaa. Jirani yako hawajui kwa sababu mwenye selimundu hatembei na bango kifuani. Tena kuna jambo ambalo hukulitaja katika barua, nami nakuomba ukaliulize kliniki: dawa ya hydroxyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto wa kati ya mwaka 1 na 10, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo pia. Si dawa ya kununua dukani na kumpa kwa kukisia, kwa sababu inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, lakini ni swali ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza na kujibiwa kwa utulivu.

Sasa tuje kwenye tochi. Unapommulika na kumwona anapumua, moyo wako unatulia labda kwa robo saa. Katika robo saa hiyo unajifunza uongo bila kujua: kwamba amepona usiku huu kwa sababu wewe uliamka. Ndiyo maana mara moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, na hofu haijapungua hata punje. Tochi haijawahi kumkinga na chochote. Mwaka jana alipopelekwa hospitali, naamini kilichomwokoa ni kwamba mtu alimgusa akahisi joto, au alimsikia analalamika, akachukua hatua palepale.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike dalili zenye kazi, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Joto likifika nyuzi 38 na kuendelea, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa saa nane za usiku, bila kusubiri kuona kama litashuka. Kadhalika akipumua kwa shida au kifua kikimuuma. Tumbo likivimba chini ya mbavu za kushoto huku viganja vimepauka. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukilegea, au maneno yakianza kumponyoka. Na maumivu yasiyotulia baada ya dawa aliyoandikiwa na maji ya kutosha. Pembeni andika namba ya bodaboda au teksi unayemwamini, na mahali ilipo kadi ya kliniki. Nunua kipimajoto kama huna. Kila jioni kabla hajalala mguse, mtazame macho na viganja, mpe maji, shusha chandarua, kisha ufunge kazi ya siku. Usiku utaamka akikuita, au ukisikia analia au anahema vibaya, kama anavyoamka mama mwingine yeyote.

Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, sikudanganyi. Utalala roho juu, mkono utaitafuta simu wenyewe. Iache simu sebuleni. Hofu isipolishwa hupanda, ikafika kileleni, halafu ikashuka yenyewe, na hilo hulijui bado kwa sababu hujawahi kuingoja ishuke. Kama kuacha mara moja kunakushinda, anza kwa kuamka mara moja tu kwa saa uliyoipanga, kisha uiondoe na hiyo baada ya wiki. Na kama mwezi utapita hulali, huli, au mawazo yanakupeleka mahali pa kutisha, mwambie daktari wa mtoto akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili. Anayeuguza naye huugua.

Nirudi kwa mtoto. Alijibu huku macho yamefumbwa, maana yake alikuwa macho na amezoea kujifanya amelala ili wewe uridhike. Mtoto wa miaka sita anamuuguza mama yake. Ungoje mchana, mkiwa mnamenya viazi au mnaanua nguo, umwambie kwa maneno mafupi kwamba damu yake ina ugonjwa, kwamba akiumwa atakuambia na utampeleka, na kwamba usiku ni wa kulala, yeye na wewe. Akikuuliza kama atakufa, usiruke swali. Mwambie kwamba madaktari na mama na baba wanafanya kazi ili akue, halafu umsikilize anachotaka kusema yeye, kwa sababu mara nyingi mtoto anayeuliza hivyo ana hofu ya sindano tu, au ya kuachwa peke yake wodini.

Kuhusu shule, hapo niko upande wa mume wako, ingawa kukugombeza hakukusaidia. Yeye anaikimbia hofu hiyohiyo barabarani, wewe umeachiwa kuilinda nyumbani. Akirudi safari hii mpe ile karatasi aisome kwa sauti, na siku za kliniki akiwepo aende yeye. Huo ugonjwa mtoto ameurithi kwenu nyote wawili, basi na ulinzi ugawanywe.

Kabla mtoto hajaanza, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa, na mkuu wa shule akiwepo. Waambie mtoto anywe maji wakati wowote, chupa ikae mezani kwake. Waambie pia kwamba atakwenda chooni mara nyingi kuliko wenzake, kwa kuwa figo za mwenye selimundu hushindwa kupunguza maji kwenye mkojo, hivyo mkojo huwa mwingi, na ruhusa hiyo asiiombe kwa kupiga magoti. Asikimbizwe juani hadi achoke kabisa, asiachwe na nguo mbichi akinyeshewa, sweta liwe ndani ya begi hata siku za joto. Waachie nakala ya karatasi ya dalili na namba yako ya simu, na usipige simu shuleni kuuliza anaendeleaje. Wao ndio wapige.

Wanafunzi wenzake wameshatangulia miezi kadhaa, ila herufi atazifikia. Mpeleke Jumatatu. Ukifika getini atakutazama usoni ajue kama mahali hapo ni pa kuogopa, basi mkabidhi kwa mwalimu, umuage mara moja, uondoke. Niandikie umelalaje wiki hiyo, na hasa kama mwalimu atakataa ile habari ya choo.