Maski wako wa kwanza: nunua wavu kabla ya kununua vyambo

Mgeni wa uvuvi wa samaki aitwaye maski kwa kawaida hukosea kwenye manunuzi. Hujaza boksi vyambo bandia vya kila rangi, halafu hupanda boti akiwa na kiwavu cha samaki wadogo na koleo fupi la nyumbani. Maski, samaki mrefu wa maji baridi ya Marekani na Kanada ambaye kisayansi ni Esox masquinongy, hupatikana au hupotea katika mita mbili za mwisho, ubavuni mwa boti. Kwa hiyo maandalizi yaanzie hapo.

Wavu wa kuopolea uwe mpana na wenye kina, nyuzi zake zikiwa zimepakwa mpira ili zisimchane samaki mapezi wala zisinase ndoano ovyo. Beba koleo refu lenye mdomo mwembamba, la sentimita 28 hivi, na mkasi wa chuma wenye nguvu ya kukata shina la ndoano. Mkasi huo ndio kifaa ambacho wengi hukiacha dukani, na ndio unaookoa samaki wengi kuliko kingine chochote. Hata wewe unaweza kuuhitaji, maana ndoano ya meno matatu haichagui kati ya taya la samaki na kiganja cha mvuvi.

Fimbo iwe nzito, ya futi 8 na nusu au 9. Mshipi uwe wa kusokotwa, wa kuhimili paundi 80 au 100. Wengi hudhani unene huo ni kwa sababu ya nguvu za samaki. Sababu kubwa ni uzito wa chambo: mshipi mwembamba ukijifunga kwenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi) chambo kikiwa hewani, unakatika na chambo kinapotelea ziwani. Pia mshipi mnene unakuwezesha kumfikisha samaki botini haraka kabla hajachoka kupita kiasi. Kati ya mshipi na chambo weka waya, au uzi wa plastiki wa fluorokaboni wa paundi 100 hadi 130, usiopungua inchi 12. Bila hiyo meno yatakata mshipi, na samaki ataondoka na ndoano mdomoni.

Vyambo vitatu vinatosha kuanzia: kimoja chenye mabamba mawili yanayozunguka na shungi la nyuzi, kimoja cha juu ya maji chenye mkia unaopiga maji, na kimoja kikubwa cha mpira. Mgeni aanze na cha mabamba, kwa sababu kazi yake ni kurusha na kuvuta tu. Piga ndoano tupa kabla ya kutoka, hata kama ni mpya. Ijaribu kwenye ukucha wa gumba: ikiteleza, bado ni butu, na taya la maski ni mfupa mtupu.

Chagua ziwa lenye maski wengi, si lile lenye sifa ya majitu. Ziwa St. Clair, kati ya Michigan ya Marekani na Ontario ya Kanada, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Leech Lake na Mille Lacs za Minnesota ni mashuhuri lakini zinadai subira zaidi. Tafuta ukingo wa majani ya majini, miamba iliyozama na rasi zilizo karibu na kina, hasa upande unaopigwa na upepo. Alfajiri, magharibi na saa chache kabla hali ya hewa haijageuka ni nyakati njema. Radi ikianza, rudi nchi kavu. Fimbo ya kaboni hupitisha umeme.

Sasa ile mita mbili. Maski ana tabia ya kufuata chambo bila kuking'ata mpaka aione boti. Ndiyo maana kila mrusho, hata usipoona kitu, humalizwa kwa kuchora umbo la nane (8) majini kwa ncha ya fimbo, chambo kikifuata. Vaa miwani inayokata mng'ao, tazama nyuma na chini ya chambo. Waya unapobaki kama sentimita 30 kutoka nchani, acha kuzungusha rili, zamisha ncha ya fimbo na uanze kuchora bila kusimama hata nukta moja. Kona ziwe pana sana: samaki wa zaidi ya mita moja hawezi kukunja kona ya ghafla, na kona finyu humpotezea chambo. Chambo kikisimama, naye huzama na kuondoka.

Aking'ata, vuta fimbo kwa nguvu kwa upande, karibu na maji. Ukiinua fimbo juu, atatoa kichwa nje, atakitikisa, na ndoano zitachomoka. Kwenye chambo cha juu ya maji, subiri usikie uzito wake kwanza. Mlipuko wa maji huwafanya wengi wavute mapema. Breki ya rili iwe imekazwa, lakini uwe tayari kuilegeza akikimbilia chini ya boti.

Mwingize wavuni kwa kichwa, kisha mwache humo humo, majini. Fungua ndoano akiwa ndani ya maji, na zilizoingia ndani zikate tu. Andaa kamera kwanza. Ndipo umwinue kwa mlalo, mkono mmoja chini ya kifuniko cha shavu bila kugusa matamvua mekundu, mwingine ukibeba tumbo. Sekunde 30 zisizidi.

Kisheria, sehemu kubwa ya maziwa ya Minnesota hairuhusu kubaki na maski wa chini ya inchi 54, na Wisconsin kwa kawaida ni inchi 40. Soma kanuni za ziwa lako na ukate leseni. Sisi tunashauri arudishwe wa saizi yoyote. Hukua polepole, na mwindaji anayeishi miaka mingi hujikusanyia zebaki mwilini, kwa hiyo si kitoweo cha kutamani. Maji yakifika nyuzi 27 za Selsiasi, usimvue kabisa: joto na mapambano humuua hata akiogelea vizuri mbele yako.

Unapomwachia, mshike shina la mkia akiwa tumbo chini mpaka ajivute mwenyewe. Subiri hapo dakika chache. Akielea tumbo juu, mfuate, mnyooshe tena, umshikilie kwa muda atakaohitaji.