Skrubu ya kutanuka inalegea kwenye mfupa sponji

Mkuu, umeuliza kama ukiongeza kutanuka, skrubu yako ya kufungwa kwenye mfupa (ile inayofungua mabawa ikishaingia ndani) haitalegea tena, mi nakushauri usikimbilie huko, maana ndani ya mfupa sponji, yaani ule wenye matundu matundu, kuna vijiti vyembamba, ukivibana kiasi vinasongamana na kushika vizuri ila ukizidisha vinavunjika na skrubu inabaki inacheza. Bora mabawa yawe mapana, kingo butu, mzigo usambae, kwa sababu aloi ya titaniamu ina ugumu wa kutopindika wa kama gigapaskali 110 na huo mfupa mara nyingi haufiki hata 1, kingo kali itaukata tu kidogo kidogo. Halafu usipime kwa kuvuta mara moja, itikise maelfu ya mara kwenye povu la poliyurethani, plastiki yenye matundu inayotumika badala ya mfupa kwenye majaribio. Na tafadhali sana, hakikisha mabawa yake yanajikunja tena, ikipata maambukizi daktari ataitoaje?