Shangazi, nichome fila ipi kwenye lipsi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi msomaji wako wa hapa Makambako, nina miaka 26, nauza mtumba grade A sokoni na Mungu anasaidia. Sasa shangazi lipsi yangu ya juu ni nyembamba toka utotoni, ya chini iko poa tu ila ya juu nikicheka inapotea kabisa yani yanabaki meno, alafu hii baridi ya mwezi wa sita ndo inazipasua zote mbili mpaka damu. Kuna dada anakuja Mbeya kila mwisho wa mwezi anafikia gesti, anachoma fila, vile vitu vya kujaza lipsi, rafiki zangu wawili washachoma wametoka bomba. Kanipa machaguo matatu: ya kwanza ya asidi ya hayaluroniki anasema inakaa miezi sita mpaka mwaka, laki nne. Ya pili anaiita ya kudumu, ukichoma umemaliza, laki na nusu. Ya tatu ni kalamu haina sindano, elfu themanini. Mi nimepiga hesabu naona ya kudumu ndo inalipa, nimekutumia picha ya chupa yake watsapu. Nichague ipi? Na mdogo wangu wa miaka 19 nae anataka twende wote tupunguziwe bei.
Mama Nguo, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua nimeisoma mara mbili, picha nimeikuza mpaka simu ikagoma, na nikwambie mapema tu kwamba hesabu ya mtumba umeipeleka kusiko. Kwenye nguo ile inayodumu ndo yenye thamani, kwenye midomo ni kinyume chake, hela unailipia ile inayoweza kutolewa mambo yakiharibika. Kwa iyo kama ni lazima uchome, ni hiyo ya kwanza, ila si kwa huyo dada na si gesti, ntakwambia kwa nini.

Kwanza jina lisikutishe, hii asidi sio ya betri. Unayo mwilini sasa ivi, kwenye ngozi, kwenye maungio, hadi ndani ya jicho, na ni kwenye jicho la ng'ombe ndo Karl Meyer na mwenzake John Palmer waliipata mara ya kwanza mwaka 1934. Kazi yake ni kushika maji. Ya kwenye fila siku hizi inazalishwa viwandani na bakteria, inasafishwa, alafu nyuzi zake zinafungwa zenyewe kwa zenyewe maana ikiachwa ivi ivi mwili unaimaliza kwa siku chache tu. Sasa namna zilivyofungwa ndo inaamua jeli iwe laini au ngumu. Kuna jeli kama uji wa mtoto, kuna jeli kama ugali wa dona ulioshika mwiko. Ile ya ugali imetengenezwa kwenda kuinua shavu au kidevu, ukiipeleka kwenye mdomo, kitu kinachocheka kinachokula mahindi ya kuchoma kinachoongea na wateja kutwa nzima, itakaa humo kama kokoto na utaiona hata kwenye picha.

Ndo maana mtu akikwambia "mi natumia Restylane" au "mi natumia Juvéderm" hajakwambia kitu bado. Hayo ni majina ya ukoo. Muulize jina la pili. Restylane Kysse imetengenezwa kwa ajili ya midomo, Restylane Lyft wanaipeleka mashavuni. Juvéderm Volbella ni ya midomo, Juvéderm Voluma ni ya mashavu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ile FDA, iliruhusu Restylane kwa lipsi mwaka 2011, Juvéderm Ultra XC ikafuata 2015, Volbella 2016, Kysse 2020. Unaona hapo ni mambo ya juzi juzi tu, zamani kidogo watu walikuwa wanachomwa kolajeni ya ng'ombe na ilibidi upimwe mkononi kwanza usubiri wiki kadhaa kuona kama mwili unaikataa.

Sasa kwa nini naing'ang'ania hiyo. Ina kiyeyushi chake. Kuna dawa inaitwa hayaluronidezi, inachomwa pale pale ilipo fila, jeli inakatika katika na kuondoka, mara nyingi ndani ya siku moja mbili. Hiyo ndo laki nne yako inakoenda mwanangu, unanunua fila na mlango wa kutokea. Hiyo ya kudumu mlango haina.

Turudi kwenye picha. Mi niliwahi kukaa miaka mingi wodi ya upasuaji kabla ya kuhamia kwenye meza hii ya barua zenu, na fila ya kweli naijua inavyokuja: bomba la sindano limeshajazwa kiwandani, limefungwa kwenye plastiki yake ngumu, mara nyingi mililita moja, lina namba ya toleo na tarehe ya kuisha na stika ya kubandua ibandikwe kwenye faili lako. Wewe umenitumia chupa yenye kifuniko cha raba kama ile ya chanjo ya kideri ya kuku. Lebo imebandikwa upande, tarehe hakuna, namba ya toleo hakuna, nasoma herufi "SILIC" alafu kidole chako kimefunika zilizobaki. Mama Nguo, ungeletewa belo halina lebo hivyo ungelipokea? Hiyo kwa macho yangu ni silikoni ya maji, na silikoni ya maji FDA haijairuhusu kuchomwa popote kwa ajili ya kujaza uso au mwili. Inahama. Unaiweka kwenye lipsi leo, miaka inapita, unakuta vinundu vigumu vimeota ulipokuwa umesahau, na kuitoa ni kisu, na kisu nacho hakiitoi yote maana imeshajichanganya na nyama.

Kuna na nyingine halali kabisa ila sio za mdomo, nazitaja usije ukabadilishiwa chupa: Radiesse yenye madini ya kalsiamu, Sculptra, na Bellafill yenye chembe za plastiki. Zina kazi zake usoni, kwenye lipsi zinatengeneza vivimbe, na hayaluronidezi haizigusi.

Kalamu isiyo na sindano nisikuchoshe. Inapuliza jeli kwa presha ipasue ngozi iingie, anayeishika hana namna ya kujua imefika kina gani. FDA walitoa onyo Oktoba 2021 watu waache kuzitumia, kwa lipsi na kwa kila kitu. Elfu themanini nunulia mahindi.

Lakini jambo linalonikosesha usingizi mimi sio uvimbe wala nundu, ni mshipa. Ndani ya mdomo unapita mshipa wa damu, wa juu na wa chini, na haupiti sehemu moja kwa watu wote. Fila ikiingia ndani yake au ikiubana toka nje, nyama ya mbele inakosa damu. Nilishakutana na binti mmoja, mji sitaji na saluni sitaji, alikuja siku ya tatu kajifunga mtandio puani kushuka chini. Alipoufungua, nusu ya lipsi ya juu upande wa kushoto ilikuwa na rangi ya zambarau yenye michoro kama wavu, juu yake vijipele vya usaha, na pembeni ya pua palishaanza kuwa peusi. Anasema pale pale alipochomwa alisikia maumivu ya kukata, lipsi ikawa baridi, akasema, akajibiwa ni kawaida weka barafu. Siku tatu za barafu! Aliyemchoma kiyeyushi hakuwa nacho na alipopigiwa simu hakuweza hata kusema alichoma nini. Kidonda kilipona ila kibonde kimebaki, akipaka lipstiki kinaonekana zaidi kuliko asipopaka. Na imeshatokea fila kupeleka watu upofu, ni mara chache sana na zaidi kwa waliochoma pua au katikati ya nyusi, ila nakwambia ujue hii sio kusuka nywele.

Kwa hiyo jifunze hiki, ni cha dakika moja. Bonyeza lipsi kwa kidole, achia. Damu inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Sisi wenye midomo ya rangi iliyokolea weupe hauonekani vizuri kwa nje, pindua lipsi uangalie upande wa ndani ule mwekundu. Ikichelewa kurudi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, au pana baridi, au unaona wavu wa bluu, usisubiri kesho, usiweke barafu, mrudie aliyekuchoma saa hiyo hiyo na kama hana kitu cha kukusaidia nenda hospitali kubwa uwaambie umechomwa nini na saa ngapi. Saa zinahesabika hapo.

Swali la kumuuliza mchomaji basi ni moja kabla ya bei: "Kiyeyushi unacho humu ndani, nikione?" Awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, sio cheti cha kozi ya siku mbili kilichowekwa fremu. Na boksi kama lina mashaka TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, nenda nalo waulize, kuuliza hawalipishi. Mtu anayefikia gesti na kuondoka Jumapili jioni, Jumatatu lipsi ikigoma utampata wapi?

Ukimpata wa kweli mwambie haya bila kuficha: kama una mimba au unanyonyesha (hapo hakuchomi, subiri), kama huwa unatoka malengelenge ya homa mdomoni maana sindano inaweza kuyaamsha na kuna vidonge vya kuyazuia, kama makovu yako huwa yanavimba, kama unameza aspirini. Na nyie wa kwetu huku mnaorina asali, kama ukiumwa na nyuki huwa unavimba mwili mzima mpaka pumzi, lisemeni hilo kabla, maana sumu ya nyuki ina hayaluronidezi pia na kiyeyushi kinaweza kukuletea shida hiyo hiyo.

Kiasi sasa. Mililita moja ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai, kachukue kijiko jikoni utazame. Ni kidogo, na kwa anayechoma mara ya kwanza inatosha au hata inazidi. Kwako wewe ambaye ya chini iko poa mi ningeomba nusu yake, yote kwa lipsi ya juu, alafu urudi baada ya wiki mbili uvimbe ukiisha ndo muamue. Akikushauri mililita tatu kwa mkupuo kwa sababu kuna ofa, chukua pochi yako. Mara nyingi tunawaiga watu waliozaliwa na midomo kama uzi wakati sisi Mungu alishatugawia, lakini sikuhukumu, mdomo ni wako na unaufahamu ukicheka.

Ila kuna kitu umekipita haraka kwenye barua na mi ndo kilichonishika. Mpasuko. Fila haitibu mpasuko, na daktari makini hakuchomi mdomo ukiwa na nyufa zinazotoa damu, hiyo ni njia ya vijidudu. Makambako Juni na Julai upepo mkavu na baridi, na najua unachofanya, unalamba. Mate yanakauka yanaondoka na maji ya ngozi, unalamba tena, na ukimaliza unapaka lipstiki ile inayokauka kama chaki. Acha hiyo lipstiki mwezi mzima. Paka mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu asubuhi, kila ukimaliza kula, na usiku paka mengi kama unapaka siagi mkate, ukiwa kibandani jifunge skafu mdomoni. Kona za mdomo zikiwa ndo zinachanika zaidi na haziponi, hiyo nenda kaonwe, inaweza kuwa fangasi au upungufu wa damu. Fanya hivyo mpaka Agosti alafu jiangalie upya kwenye kioo ukicheka, wengine lipsi ikishapona na kujaa maji yake wanakuta hata hamu ya sindano imepungua.

Mdogo wako hapana. Hizo hizo nilizokutajia FDA imeziruhusu kwa lipsi za waliozidi miaka 21. Mwambie shangazi kasema, na punguzo la bei la kuchomwa wawili wawili silijui mimi, hilo ni la sokoni.

SWALI: Shangazi mi nilichoma lipsi juzi nikiwa Dar, kliniki nzuri tu, hayaluroniki mililita moja. Nimesharudi Iringa, nimevimba kama bata na nikipitisha ulimi nasikia kagololi upande wa kulia. Jumamosi tuna sherehe Kalenga na ulanzi, ile pombe ya mianzi, utakuwepo, naruhusiwa? Na je ni sawa na botox?
Binti wa Ipogolo

JIBU: Botox ni kitu kingine, inalegeza msuli, haijazi. Ubata huo ni wa kawaida siku ya pili na ya tatu, lala kichwa kimeinuka, usikae karibu na moto wa mkaa. Ulanzi hauyeyushi fila ila pombe inaongeza uvimbe na michubuko, siku ya kwanza ndo mbaya zaidi, wewe Jumamosi utakuwa umeshapita hapo, kunywa kikombe kimoja uwaachie wengine chombo. Kagololi usikakamue kwa kidole wala kwa meno, mara nyingi kanalainika kenyewe ndani ya wiki mbili. Kama kanauma au panabadilika rangi usingoje hizo wiki, fanya kile kipimo cha kubonyeza nilichomwandikia Mama Nguo hapo juu na uwapigie kliniki leo leo.